Mwebale Kuziika

Kiganda kina salamu ambayo Kiswahili chetu hakina. Ukitoka mazishini, jirani aliyebaki nyumbani, au hata mwenye duka unayepita mbele yake, akishajua ulikotoka atakuambia: mwebale kuziika. Yaani asanteni kwa kuzika. Pole yao ni kitalo, na hiyo ulishapewa siku habari ilipotoka. Baada ya mazishi unashukuriwa, kama anavyoshukuriwa mtu aliyetoka shamba kwa kulima. Kuzika ni kazi, na kwa Waganda kila kazi ina asante yake.

Siye wa Kivu salamu hiyo ilitushangaza tulipofika Kampala. Kwetu shukrani ya msiba inatembea upande mmoja: familia inashukuru, watu wanashukuriwa. Siku ya kumaliza kilio mzee mmoja anasimama, anataja wakwe, wanakanisa, watu wa avenue, watu wa kazini, anasema aksanti mingi, watu wanakunywa kidogo wanarudi kwao. Neno lenyewe, aksanti yetu au asante ya pwani, limetoka katika Kiarabu, ahsanta, umefanya vema. Ukiliangalia vizuri linapima kitendo zaidi ya kueleza moyo. Aliyefanya anaambiwa kwamba alichokifanya ni kizuri. Kwa hiyo huenda mwebale na asante ni majirani, ila sisi tumezoea kuisema asante haraka mno mpaka hatusikii kilichomo.

Nimekuwa nikiyafikiri haya tangu mwezi wa tatu mwaka 2025, mama yetu alipofariki hapa mjini. Familia ilinipa kazi ya kuandaa maneno ya shukrani, kwa sababu ati mimi ndiye mtu wa vitabu. Nilipoanza kuandika majina nikaona kwamba wengi wa waliotuzikia mama hawakuwa ndugu, hawakuwa Wakongo, na wengine hawakuwahi kuingia ndani ya nyumba yetu. Nikataka kujua wametoa wapi desturi hiyo. Makala hii ni yale niliyoyakuta.

Kwanza mazingira, kwa sababu yanabeba mzigo. M23 walikuwa wameingia Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa mikononi mwao. Benki za miji yote miwili zilikuwa zimefungwa. Mama mukubwa, dada ya mama, alikuwa Bukavu, na kilio chake tulikisikia kwenye simu, kinakatika na kurudi. Zamani Mkongo akifia hapa, familia angalau ilikaa kujadili: tumrudishe au tumzike huku? Hata kama mwisho pesa haikutosha, mjadala ulikuwa sehemu ya heshima ya marehemu. Sisi hatukujadili hata dakika tano. Hilo lilimuumiza yaya, kaka yetu mkubwa, kuliko mambo mengine yote ya wiki ile, na nadhani bado linamuumiza.

Tulitoka hospitali saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa tatu turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vimepangwa, masufuria makubwa yako juu ya moto, na mama mmoja wa Kiganda ambaye mimi nilimjua kwa sura tu alikuwa amekaa mezani na daftari na kalamu. Kumbe mama alikuwa mwanachama. Miaka kumi na moja alikuwa akitoa shilingi elfu moja kila Jumapili kwa kikundi cha mtaa, na hakutuambia. Tungemwambia pesa hiyo inunue unga.

Vikundi hivyo vinaitwa munno mukabi. Munno ni rafiki yako, mu kabi ni katika hatari. Viko Buganda nzima, vijijini na mjini. Kila kimoja kina masufuria yake, sahani zake, turubai lake, viti vyake, na kitabu chake. Mwanachama akifiwa vyombo vinakuja, wanawake wanakuja kupika, vijana wanakuja kuchimba. Hakuna anayeuliza kitambulisho chako cha UNHCR au barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kinachoangaliwa ni kitabu: ulikuwa ukilipa, ulikuwa ukienda kuzika wenzako? Mama alikuwa akienda. Zile safari zake za Jumamosi tulizodhani ni za maombi, nyingine zilikuwa za makaburini, Mpigi, Mukono, Luweero, kwenye lori pamoja na masufuria.

Sasa ile pesa inayoandikwa mezani. Waganda wanaiita amabugo, na neno hilo ni historia yenyewe. Olubugo ni nguo ya gamba la mti, mti wa omutuba. Gamba linavuliwa wakati wa mvua, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linatanuka na kulainika, kisha linaanikwa juani linageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi. Unafungwa majani ya migomba, gamba linaota tena, na mwaka unaofuata unavuliwa upya. UNESCO iliitangaza kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, lakini Waganda hawakungoja UNESCO. Mtu alipokufa, ndugu, wakwe na marafiki walileta kila mmoja mbugo zake, na marehemu alifungwa ndani yake. Ukubwa wa mzigo ulionyesha idadi ya watu aliokuwa nao. Siku hizi watu wanaleta noti, na wengine wanatuma kwa simu, lakini jina limebaki. Ukitoa elfu tano msibani Kampala, kwa jina bado umeleta nguo ya kumfunika maiti.

(Hapa niseme jambo moja la pembeni. Serikali ya Uganda ilipoanzisha kodi ya pesa za simu Julai 2018, asilimia moja, halafu ikaishusha mpaka nusu asilimia kwa wanaotoa, watu walilalamika kwa ajili ya biashara. Sikusikia mtu akilalamika kwa ajili ya mabugo. Lakini nusu asilimia ya kila mchango wa msiba uliopita kwenye simu imeenda serikalini, na tangu mwaka 2020, corona ilipofanya mazishi yaruhusiwe watu wachache tu, michango mingi inapita huko huko.)

Msiba wa mama uliojulikana kuliko yote katika historia ya mji huu ni wa mwaka 1882. Aliyefariki ni Muganzirwazza, namasole, mama wa Kabaka Muteesa wa Kwanza. Muteesa alitaka mama yake azikwe kwa namna ambayo Buganda haijaona. Alimwita Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyekuwa fundi wa chuma na mbao huko Natete, amtengenezee majeneza. Siyo moja: matatu, moja likiingia ndani ya lingine. Mackay, aliyekuja kuhubiri, akajikuta fundi wa majeneza, na ndani yake pamoja na kaburini zikaenda mbugo na nguo nyingi kupita kiasi, za huku na za ng'ambo. Wageni wa wakati ule walioandika habari hiyo waliona hasara. Kitambaa chote hicho kuingia udongoni!

Mimi nasoma tofauti. Kila olubugo uliokwenda kwenye kaburi lile ulitoka mikononi mwa mtu, na mtu huyo alijulikana. Kabaka alikuwa na uwezo wa kuamuru, ni kweli, na sitaki kupamba: mbele ya kabaka kuchangia hakukuwa hiari. Lakini hata mfalme mwenye bunduki na majeshi hakuweza kumzika mama yake kwa nguo zake peke yake. Na kuna jambo la pili lililonigusa zaidi. Namasole akifa, ukoo wake unamtoa mwanamke mwingine anayekalia kiti chake, naye anaitwa namasole, mama wa kabaka. Mtu amekwenda, nafasi haijabaki wazi. Waganda wa kawaida nao wana mrithi, omusika, anayetangazwa siku ya kumaliza msiba, okwabya olumbe, mbele ya watu wote. Shukrani za familia zina mtu wa kuzibeba baada ya marehemu. Deni lina mwenyewe.

Hapo ndipo sisi wakimbizi tunapata shida. Nani anabeba deni la watu wanaoondoka?

Nimeangalia waliotutangulia, maana sisi si wageni wa kwanza kufia Kampala. Miaka ya 1950 watafiti Aidan Southall na Peter Gutkind walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago, na muongo uliofuata David Parkin akachunguza mitaa ya Nakawa na Naguru. Waliwakuta Wajaluo kutoka Kenya wengi, wafanyakazi wa reli, viwanda na ofisi, na walikuwa na vyama vyao, kuanzia vile vidogo vya ukoo mpaka Luo Union. Kazi moja kubwa ya vyama hivyo ilikuwa msiba. Mjaluo alitakiwa azikwe kwao Nyanza, kwenye boma lake. Basi watu walichanga, mwili ukasafirishwa, na shukrani ikatolewa kule, mbele ya nyumba ya marehemu, kwa watu wa kwao. Kampala ilikuwa mahali pa kuchanga tu. Mwaka 1970 serikali ya Obote ikawafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Waliondoka, na kwa sababu wafu wao walikuwa wameshawatangulia nyumbani, hawakuacha makaburi mengi nyuma. Namna fulani nawaonea wivu.

Wengine ni Wapolandi. Vijana wengi wanaosoma gazeti letu hawajui kwamba Uganda ilipokea wakimbizi wa Ulaya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu katika Urusi ya Stalin, walipitia Iran mpaka Afrika Mashariki. Hapa waliwekwa katika kambi mbili: Nyabyeya, karibu na Masindi na msitu wa Budongo, na Koja, Mukono, kwenye ukingo wa ziwa. Walilima, walifungua shule, na Nyabyeya walijenga kanisa ambalo bado linasaliwa mpaka leo. Pia walizika. Vita ilipokwisha nchi yao ilikuwa imeingia chini ya utawala wasioutaka, wengi hawakurudi, wakatawanyika Uingereza, Australia, Kanada. Makaburi yao yakabaki Nyabyeya na Koja, kati ya Waganda na Wanyoro ambao hawajui kusoma majina yaliyoandikwa juu yake. Miaka ya karibuni yamekarabatiwa kwa msaada kutoka Poland.

Ukarabati ule ni shukrani iliyochelewa zaidi ya nusu karne, na ni nzuri. Lakini nasema wazi, mimi siutaki uwe mfano wetu. Jiwe lililosafishwa linamheshimu marehemu. Aliyechimba shimo, aliyeleta maji, mama aliyepika siku ile, wamekwenda bila kuambiwa neno.

Nirudi kwa mama yetu. Swali la ardhi lilimalizwa na mtu mmoja ambaye sitamtaja, mwenye kibanja nje ya mji, mwanachama wa kikundi. Mganda anazika kwao, kwenye ardhi ya ukoo, na mtu asiye na ardhi ya ukoo ni maskini wa aina ambayo pesa haimalizi. Mkimbizi ndiye maskini huyo hasa. Kiwanja cha kaburi kinanunuliwa, ndiyo, lakini bei ilikuwa juu yetu. Yule mzee alisema tumlaze mwisho wa shamba lake la migomba. Tulimpa kitu, akakipokea kwa mikono miwili, lakini hakikuwa bei, kila mtu alijua.

Ugomvi wetu ukawa wa lugha. Siku ya mazishi nani aseme shukrani, na kwa lugha gani? Baba mudogo, kama mkubwa wa familia aliyepo, alisema ni yeye, na kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho lugha yetu, na sasa ni lugha ya watu wote wa Jumuiya. Alikuwa na hoja. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Lakini dada yetu mdogo, aliyesoma hapa tangu darasa la pili, alikataa kabisa. Alisema: «Baba mudogo, hapa ukisema Kiswahili mbele ya wazee wanasikia buti.»

Na historia iko upande wake. Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na utawala mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa aliandika mwaka 1929 kupinga, akitetea Kiganda. Kiswahili kikabaki lugha ya kambi za jeshi na polisi. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikitangaza kwa mdomo wa askari. Watu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, mlango ukigongwa. Mzee wa miaka sabini hapa Kampala anaweza kuwa alijifunza maneno yake ya kwanza ya Kiswahili akiwa amelala kifudifudi. Kwetu Bukavu Kiswahili ni lugha ya soko na ya mama. Hatuwezi kumwambia mzee huyo kwamba masikio yake yamekosea.

Tulikaa usiku mpaka saa saba. Mwishowe wakasema wote wawili. Baba mudogo alianza kwa Kiswahili, kifupi, kwa Wakongo na Warundi na Wanyarwanda waliokuwepo, nao kila mmoja alielewa, maana hata wao msiba wanauita ikiriyo, na ndani yake unakisikia kilio chetu. Alisema: «Bandugu, mama ametutoka, lakini hamukutuacha peke yetu. Aksanti mingi.» Halafu dada akaja mbele, akapiga magoti kama mtoto wa Kiganda anavyopiga, akasema: «Mwebale nnyo kutuziikirako maama waffe.» Alisema zaidi ya hapo, lakini sikuelewa yote, na wanawake wa masufuria walikuwa wameshaanza kulia. Baba mudogo hakufurahi kumwona amepiga magoti mchangani. Baadaye alisema kwetu mtoto wa kike hapigi magoti mbele ya kaburi la mama yake kuwaomba watu. Dada akajibu hakuomba. Jambo hilo halijaisha, na sidhani litaisha.

Linabaki daftari. Lina majina 112. Mbele ya kila jina kuna kitu: 5,000, 2,000, 20,000, kilo mbili za sukari, mkungu wa matoke, kuni, «alichimba», «alilala hapa siku tatu». Yule mama aliyekuwa mezani aliandika hata kazi, na namshukuru hasa kwa hilo, maana katika vilio vingi vya kwetu mjini kinachoandikwa ni pesa tu, na aliyekesha akichota maji hana mstari wake.

Yaya alitaka tumalize kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp kwenye kundi la mtaa. Familia inawashukuru wote, majina ni mengi, Mungu awabariki. Alikuwa na sababu: jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kwenda Marekani, yeye na mke na watoto wanne, uchunguzi wote umekwisha, alingoja tarehe. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, naye akabaki anangoja kitu ambacho hakina tarehe tena. Hata hivyo aliishi kama msafiri. Msafiri hatembei nyumba 112.

Tulibishana. Mimi nilisema ujumbe unaosomwa na wote haumfikii aliyelala kwetu siku tatu, na kwamba nusu ya wale wamama hawana simu yenye WhatsApp. Yaya alisema nikitaka kutembea nitembee. Basi nikaanza, Jumapili mchana, nyumba tatu au nne kwa siku, na kilo ya sukari au sabuni pale ilipowezekana. Jumapili ya tatu akanikuta njiani, akachukua mfuko wa sabuni bila kusema kitu, tukaendelea wote. Hatukuzungumza habari ya Marekani.

Kutembea huko kumetufundisha mtaa kuliko miaka yote ya kuishi ndani yake. Tulimkuta mwanamume aliyeandikwa «kuni» akiwa hana kuni zake mwenyewe; zilitoka kwa shemeji yake, ambaye hakuandikwa. Tulimwandika. Tulikuta majina saba yamehama, wengine Ndejje, mmoja amerudi kambi ya Nakivale kwa sababu kodi ya nyumba ilimshinda. Huyo tulimpigia. Alisema, eh, bado mnakumbuka ile elfu mbili?

Munno mukabi nao walituuliza jambo: namba ya mama kwenye kitabu chao inakwenda kwa nani? Walitaka mtu mmoja, jina moja, atakayelipa Jumapili na kupanda lori. Tulidhani itakuwa mimi. Yaya akasema iandikwe yake. Mke wake alimtazama, akanyamaza.

Mwezi wa tisa mmoja wa wale 112 alifiwa na mama yake, kijijini Mpigi. Yaya alienda na lori la masufuria, saa kumi na moja alfajiri, na elfu kumi ya mabugo tuliyochanga sisi wanne. Aliniambia barabara ya mwisho ilikuwa matope, wakashuka wakasukuma. Mezani walimwuliza jina la kuandika, akataja la mama. Aliandikwa wa 64.